Tafadhali usimwachie samaki wako wa mapambo ziwani, hata kama unamhurumia

#1 Mleta mada (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita asubuhi niligongewa mlango na mtoto wa jirani, yuko darasa la tano, macho mekundu kwa kulia. "Shikamoo baba mdogo. Baba anakwenda kumwaga samaki ziwani."

Jirani yangu amehamishiwa Dodoma kikazi na gari la mizigo lilikuwa limeshafika. Kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa tenki la vioo. Samaki watatu wa dhahabu na yule mweusi mwenye madoa ambaye wauzaji humwita msafisha vioo walikuwa tayari kwenye ndoo ya lita ishirini. Mpango ulikuwa wapite ufukweni, wawaachie, safari ianze. Jirani ni mtu mwema sana. Aliniambia, "Nimewalea miaka minne, siwezi kuwaua. Bora wakaishi kwenye maji mengi."

Nikamwomba aniachie mimi ile ndoo. Sababu nilimweleza kwa haraka tu maana dereva alikuwa anapiga honi, kwa hiyo naieleza hapa vizuri. Najua wapo wengi ambao wangefanya kama yeye, tena kwa moyo safi kabisa.

Nianze na msafisha vioo. Aliponunuliwa alikuwa saizi ya kidole. Sasa ukimlaza kwenye mkono wangu anatoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Nilipojaribu kumtoa kwenye ndoo kwa kiwavu cha mkono alitanua mapezi, ule mwiba mgumu wa mbele ukanasa kwenye nyuzi. Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyozidi kujifunga. Ikabidi mke wangu amshike kwa kitambaa kilicholowa, mimi nikate wavu kwa mkasi, uzi mmoja mmoja. Mwili wake hauna magamba kama ya sato, una vibamba vigumu kama pembe. Kiwavu kile nimekitupa, hakifai tena.

Nilipokuwa nakata zile nyuzi nilikuwa nafikiria nyavu za wavuvi wetu wa Igombe na Kayenze. Wavuvi wa bwawa la Infiernillo kule Meksiko yaliwapata hayo hayo. Bwawa lile lilikuwa na uvuvi mkubwa wa sato na perege. Jamii ya huyu msafisha vioo, ambaye asili yake ni mito ya Amerika Kusini, ikaingia na kuzaana mpaka nyavu zikawa zinatoka zimejaa yeye, zimechanika, na hana soko. Madume huchimba mashimo kwenye kingo za mito ili majike watage humo, na shimo moja linaweza kwenda ndani kiasi cha mita moja. Kingo ikishatobolewa hivyo, mvua ikija inaporomoka. Afrika Kusini wanaye tangu miaka ya 1970, kwenye mto Nseleni kule KwaZulu-Natal. Halafu ana jambo moja ambalo ningependa kila mtu alikumbuke: maji yakiishiwa hewa anapanda juu, anameza hewa, maisha yanaendelea.

Samaki wa dhahabu naye tunamwona mdogo kwa sababu tumemfunga kwenye bakuli. Julai 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulitoa picha za samaki wa dhahabu waliotolewa ziwa Keller, wakubwa kama mpira wa futiboli ya Kimarekani, ukawaomba wananchi waache kuwaachia. Magharibi mwa Australia, kwenye mto Vasse, watafiti wa Chuo Kikuu cha Murdoch walikuta wenye uzito wa karibu kilo mbili, na mmoja waliyemfuatilia aliogelea kilomita 230 ndani ya mwaka mmoja. Huyu samaki anakula kwa kuchimbua chini. Anafukua tope, anang'oa majani ya majini, anakula mayai ya wenzake. Maji yanachafuka, mwanga haufiki chini, na ule ukijani unaonuka unapata nafasi.

Minnesota ziwa linaganda barafu na bado samaki wa dhahabu anaishi, kwa sababu mwili wake unaweza kukaa muda mrefu bila oksijeni. Samaki wengi wengine wa mapambo wanatoka nchi za joto, na wakiachiwa Ulaya au kaskazini mwa Marekani baridi inawamaliza. Hapa kwetu hakuna baridi. Maji ya Mwanza ni vuguvugu Januari mpaka Desemba, yaani tenki bila umeme. Yeyote utakayemwachia hapa hasubiri msimu wa kumuua.

Na ziwa hili, wakuu, si ziwa la kufanyia majaribio. Furu, wale samaki wadogo wa asili, peke yao walikuwa aina zaidi ya 500, wengi hawapatikani popote pengine duniani. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine matope, kila mmoja na kazi yake. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 akaletwa sangara. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwepo na mambo yakaonekana kawaida. Miaka ya 1980 akalipuka. Takriban aina 200 za furu zinaaminika zimetoweka.

Najua sangara hakutoka kwenye tenki la mtu. Lakini magugu maji je? Yale yametoka Amerika Kusini na yalisafirishwa duniani kama ua la kupendezesha mabwawa, kwa sababu lina maua ya zambarau mazuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana kwetu. Waliokuwa Mwanza miaka ya 1990 wanakumbuka mitumbwi ikishindwa kutoka mwaloni. Hadi leo bado tunayang'oa.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji (Musoma)

Mkuu, uzi mzuri, lakini mimi mvuvi naomba nikuulize. Ziwa lina sangara wa kilo mia. Hao samaki watatu wa dhahabu wanaong'aa kama taa si wanaliwa hata jua halijazama? Naona kama unatutisha bure. Halafu sangara usimseme vibaya, viwanda vya minofu vimesomesha watoto wangu wanne.

#3 Mleta mada

Mkuu, sijamdharau sangara, na mimi ada ya shule ya sekondari ililipwa na fedha yake. Alileta riziki na aliondoa samaki. Yote mawili yametokea na hakuna linalofuta jingine.

Swali lako ni la msingi. Ukimwachia katikati ya ziwa, ndiyo, ataliwa. Lakini watu hawakodi boti kwenda kuachia samaki. Wanamwaga kwenye mto Mirongo, kwenye mtaro, kwenye lambo, kwenye mafunjo pale ufukweni. Sasa fikiria mafunjo. Kwa nini furu na samaki wengine wadogo wa asili wamebaki huko? Kwa sababu ndani ya mafunjo oksijeni ni kidogo na sangara hawezi kuvumilia. Ile hewa haba ndiyo ukuta wao. Samaki wa dhahabu anavumilia hewa haba kuliko karibu samaki yeyote, na msafisha vioo anameza hewa ya juu. Ukuta uliomzuia sangara hauwazuii hawa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si yale maji makubwa.

#4 Mchangiaji (Ukerewe)

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimezaliwa Ukerewe mwaka 1951. Niwaambie ziwa lilivyokuwa.

Furu tulikuwa hatununui. Mtoto anakwenda na ndoana ya pini, anarudi na mtungo. Mama anawatandaza juani kwenye mwamba, siku mbili wamekauka, tunahifadhi. Hakuna kuni iliyoungua. Alipokuja sangara, yule ana mafuta, ukimwanika anaoza, lazima umbanike au umkaange. Miti ikaanza kwisha visiwani. Watu wanazungumza samaki tu, mimi naona na miti.

Ngege, samaki wa asili anayefanana na sato, ndiye aliyekuwa samaki wa kumpikia mgeni. Ukipikiwa ngege ujue umeheshimiwa. Wajukuu zangu nikiwaambia ngege wanadhani nasema sato.

#5 Mleta mada

Shikamoo mama. Asante sana, hasa kwa hilo la kuni. Wajukuu wako hawana kosa, maana ngege siku hizi yumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Alivuliwa kupita kiasi, kisha sato aliyeletwa akachukua sehemu yake na kuzaliana naye. Waliobaki wamebaki zaidi kwenye viziwa vidogo vya pembeni, vile vile ambavyo mtu akiwa safarini anaona panafaa kumwaga ndoo.

#6 Mchangiaji (Kirinyaga, Kenya)

Salamu kutoka Mwea. Mimi si mfugaji wa samaki, nalima mpunga, lakini hii mada inanihusu. Mwaka wa 2020 huku kwetu kulitambuliwa konokono wa maji kutoka Amerika Kusini. Ukifika shambani asubuhi unaona mayai yake kwenye shina la mpunga, rangi ya waridi iliyokolea, yamebanana juu ya maji. Anakata miche michanga usiku. Uliyopanda jana, leo unakuta mapengo. Tunaokota kwa mikono, akina mama wameinama tangu alfajiri.

Namna alivyofika Mwea sitaki kumsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba nchi nyingine alisambazwa kama chakula na kama konokono wa kupamba tenki. Kwa hiyo wale wanaofuga konokono pamoja na samaki, tafadhali, mkimwaga maji angalieni na mayai.

#7 Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum. Mie napiga mbizi, napeleka wageni Mnemba. Nataka kuongeza kisa ambacho kwetu kimekwenda kinyume, yaani wa kwetu ndiye aliyekwenda kuharibu kwa watu.

Samaki simba mnamjua? Yule mwenye michirizi myekundu na meupe, mapezi kama manyoya, miiba ya sumu 18. Bahari ya Hindi na Pasifiki ndio kwao. Huku kwetu unamkuta mmoja wawili chini ya jabali, katulia, hana fujo, bahari inamjua na yeye anaijua. Mgeni mmoja Mmarekani alipomwona alinishika mkono kama kaona shetani. Akanieleza kuwa kwao Florida anahesabiwa balaa. Nikaenda kusoma. Alionekana huko mara ya kwanza mwaka 1985, na inaaminika alitokana na samaki wa majumbani walioachiwa. Mwaka 2004 kafika Bahamas, sasa yuko Karibi nzima. Jike anataga mayai zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Samaki wadogo wa kule hawamwogopi kwa sababu hawajapata kumwona, wanamsogelea wenyewe. Utafiti wa Bahamas uliotoka 2008 ulionyesha kuwa pahala alipowekwa samaki simba mmoja tu, samaki wachanga wapya walipungua kwa asilimia 79 katika wiki tano.

Samaki yule yule. Kwetu mpole, kwao msiba.

#8 Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mleta mada, mimi nina tenki la samaki wa Ziwa Tanganyika, walikamatwa Kigoma kabisa, si wa kigeni. Nikichoka kuwafuga nikawarudisha Kigoma si nimewarudisha nyumbani? Na la pili, samaki wawili tu wanaweza kuleta madhara gani?

#9 Mleta mada

Dada/kaka wa Dar, asante. Naanza na la kwanza, maana hata mimi zamani nilifikiri hivyo.

Samaki wako alipotoka ziwani alikaa duka moja na samaki wa Asia na Amerika Kusini, maji yale yale, wavu ule ule. Anaweza kuwa amebeba vijidudu ambavyo yeye vimemzoea na ndugu zake wa ziwani hawajawahi kuvipata. Wafugaji mnajua ugonjwa wa madoa meupe unavyofagia tenki kwa wiki moja. Wapo hata bakteria wa samaki wanaoingia kwenye kidonda cha mkono wa binadamu, wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu.

Pia "Ziwa Tanganyika" si nyumba moja. Samaki wa miamba hawavuki mchanga, kila jabali lina ukoo wake na rangi yake. Jirani zetu wa Ziwa Nyasa wanalijua hili. Upande wa Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi West, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walipeleka mbuna, yaani samaki wadogo wa miamba, kutoka sehemu nyingine za ziwa hilo hilo kuanzia miaka ya 1960. Wengine wamestawi, wamesambaa, na wamezaliana na wenyeji. Ziwa moja, samaki wa humo humo, na bado wametia mchanganyiko ambao hauwezi kuchambuliwa tena. Ukimwachia wa Kigoma mjini aliyekamatwa Kipili, mbali kusini mwa ziwa, umefanya jambo hilo hilo.

Sasa "wawili tu". Mwaka 2002, mji wa Crofton, Maryland, Marekani. Miaka michache kabla ya hapo mtu mmoja aliagiza samaki wawili hai wa Asia wanaoitwa kichwa-nyoka, amtengenezee supu dada yake mgonjwa. Samaki walipofika dada alikuwa ameshapona. Akawaweka kwenye tenki. Wakakua, wakala mpaka akashindwa kuwalisha, akawaachia kwenye kidimbwi nyuma ya maduka. Mvuvi alipomnasa mmoja mwaka huo wa 2002 ndipo serikali ikashtuka. Septemba 2002 waliweka sumu kidimbwi kizima, wakaokota vifaranga zaidi ya elfu moja vya kichwa-nyoka, pamoja na kila samaki mwingine aliyekuwemo. Kidimbwi kinatiwa sumu, ni sawa. Ziwa Viktoria utalitia sumu na nani?

Nawaza sana kuhusu yule mtu. Alianza na upendo kwa dada yake, akamalizia na huruma kwa samaki. Hakuna mahali alipokuwa mbaya.

#10 Mchangiaji (Morogoro)

Basi mtuambie tufanye nini. Maduka mengine hayapokei samaki waliokua. Na kumuua kiumbe niliyemlisha kwa mkono wangu dhamiri inanisuta. Kumtupa chooni nako naona ni ukatili.

#11 Mleta mada

Ndugu yangu wa Morogoro, dhamiri yako iko sawa, usiinyamazishe.

Kwanza uliza duka, lakini uliza kabla hujanunua, "akikua utampokea?" Asipokupa jibu la kueleweka, usinunue wa aina hiyo. Pili tangaza. Makundi ya wafugaji wa samaki wa mapambo yapo, shule zipo, zahanati za watoto zinapenda tenki mapokezi. Mimi wale watatu wa dhahabu nimewapatia nyumba kwa ujumbe mmoja tu.

Usimpe mwenye bwawa la nje lililo sawa na ardhi. Mvua za masika bwawa linajaa, linamwagika mtaroni, na mtaro unakwenda mtoni. Chooni pia usimtupe, ni mateso kwake, na bomba na mashimo yetu mnayajua yanavyofurika. Maji ya tenki mwaga kwenye udongo wa bustani, mbali na mtaro. Majani na konokono wa tenki anika juani mpaka vikauke kabisa, ndipo uvichome.

Ikiwa samaki ni mgonjwa au umekosa kabisa wa kumpokea, ipo njia isiyo na mateso, na dawa yake inatoka Pemba: mafuta ya karafuu. Mweke samaki kwenye chombo kidogo, ndani ya maji yake mwenyewe, ujue ni lita ngapi. Chukua chupa ndogo yenye maji vuguvugu, tia matone ya mafuta, funga, tikisa kwa nguvu mpaka yawe meupe kama maziwa, maana mafuta peke yake huelea. Mimina polepole. Kwanza anapunguza mwendo, kisha analala ubavu. Akishalala ongeza, jumla ifike kama nusu mililita ya mafuta kwa kila lita ya maji. Mashavu yakiacha kupumua mwache humo nusu saa nyingine. Kisha mzike bustanini. Nimewahi kufanya hivi kwa samaki aliyevimba tumbo. Nilikaa naye mpaka mwisho na sikujuta.

#12 Mchangiaji (Musoma)

Mleta mada, mimi wa #2. Hilo la mafunjo limenikaa kichwani siku mbili. Sisi wenyewe tunaita mafunjo chumba cha watoto, maana vifaranga wote wamo humo. Sikuwahi kufikiri kwamba mlango wake ni hewa. Kesho kwenye kikao cha wavuvi cha mwalo nitalisema, na nitawaambia pia wakinasa samaki wasiyemjua wasimrudishe majini, wamlete tumwone.

#13 Mleta mada

Mkuu, Mungu akubariki. Wakimpata, mpigeni picha na mumpeleke kwa afisa uvuvi. Samaki mgeni akijulikana mapema, angali wachache, ndipo kazi inawezekana.

Taarifa ya mwisho kwa waliouliza. Mtoto wa jirani alipiga simu jana kutoka Dodoma, akaomba kumwona msafisha vioo. Nikaelekeza simu kwenye tenki. Alikuwa amebandika mdomo kwenye kioo, tumbo jeupe nje, anatafuna ule ukijani pole pole. Mtoto akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Baba mdogo, ataishi miaka mingapi?" Nikamwambia anaweza kufika kumi na zaidi. Akasema basi mimi nitakuwa chuo.

Tenki langu ni dogo kwake. Natafuta mtu wa hapa Mwanza mwenye tenki la lita mia tano kwenda juu, ndani ya nyumba, anayejua kwamba anampokea kwa miaka yote hiyo. Niko Nyakato. Atakayekuja aje na ndoo yenye mfuniko na kitambaa cha kulowesha. Wavu asilete.